Safari ya Kariakoo na Amana Iliyomo Mfukoni



Mara nyingi tusomapo habari za safari twasimuliwa milima na mito, majumba marefu na miji ya ugenini. Mimi leo nataka kuwasimulia safari ya karibu, ya kutoka Tanga mpaka Kariakoo, Dar es Salaam, ambayo wengi wenu mmekwisha kuifanya. Wala sitasimulia sana niliyoyaona kwa macho, bali niliyojifunza juu ya kitu kidogo ambacho kila mmoja wetu hutembea nacho, nacho ni simu. Safari hiyo naliifanya mara mbili. Mara ya kwanza nalirudi bila ya simu, nikiwa na deni na aibu. Mara ya pili nalirudi na kila nilichokwenda nacho. Naona yafaa kuziandika zote mbili; huenda zikamfaa mzee kama mimi, au kijana asafiriye peke yake kwa mara ya kwanza, au mama aendaye mjini kununua mahitaji ya Sikukuu.

Safari ya kwanza ilikuwa katika mwezi wa Shaabani, mwaka 1443, yaani Machi 2022. Wazazi wa madrasa yetu walichanga fedha za kununulia juzuu, misahafu na ubao mpya, na kwa kuwa bei za Kariakoo ni nafuu kuliko za kwetu, wakaniambia, "Maalim, nenda wewe." Fedha zenyewe zilikuwa shilingi 420,000, nazo zote zilikuwa ndani ya simu yangu. Siku hizi mtu hachukui bunda la noti kiunoni kama walivyofanya baba zetu. Tangu huduma ya kutuma fedha kwa simu ilipoingia Tanzania mwaka 2008, simu ndiyo imekuwa kibindo chetu.

Nakiri kwamba simu ile sikuitia kufuli la namna yoyote. Tena kwa kuogopa kusahau, nalikuwa nimeiandika namba ya siri ya fedha katika kijikaratasi, nikakikunja na kukitia ndani ya kava la simu. Mtu afungaye sanduku kisha akautundika ufunguo juu yake, na mimi, hatukuwa na tofauti.

Nalifika Kariakoo alasiri nikakuta duka nililoelekezwa limefungwa. Nikaazimu kwenda Magomeni kwa ndugu yangu, nilale, nirudi asubuhi. Basi likaja limejaa, na watu wakalivamia mlangoni. Mbele yangu mtu mmoja akasita ghafla kwenye ngazi, kama aliyeangusha kitu, nyuma nikasukumwa, kushoto na kulia nikabanwa. Hayo yote hayakuchukua muda wa kusoma Fatiha moja. Nalipopata mahali pa kusimama nikatia mkono katika mfuko wa kanzu, nikaukuta mtupu.

Hapo ndipo nalipofanya jambo ninalolijutia mpaka leo. Kando yangu alikuwapo kijana mwenye fulana nyekundu, umri wake kama miaka 18, amebeba furushi la soksi za kuuza. Nalimtazama, nikapaza sauti, "Wewe! Simu yangu iko wapi?" Sikumwona akichukua kitu, nalimwona yu karibu nami tu. Lakini neno hilo lilitosha. Mtu mmoja akamkaba shingo, wa pili akampiga kofi, wa tatu akampiga ngumi, na soksi zake zikamwagika chini zikakanyagwa. Lau mzee mmoja aliyekuwa ameketi asingalisimama na kusema kwamba apekuliwe kwanza, sijui mambo yangalifika wapi. Wakampekua, wasipate ila kitochi chake mwenyewe na noti chache za mauzo ya siku ile. Akashuka kituo kilichofuata akifuta damu mdomoni, ameshika soksi alizoweza kuziokota, wala hakunitazama. Nami sikushuka kumfuata. Nalijiambia kwamba nimechoka na usiku waingia. Hizo zilikuwa hila za nafsi.

Usiku ule mimi nalilala, lakini wezi hawakulala. Kwanza walizihamisha zile shilingi 420,000, zote. Kisha wakaanza kuwaandikia watu walioko katika orodha ya simu yangu, kwamba mimi nimepata ajali njiani, nihurumiwe kwa chochote, kitumwe kwa namba fulani. Wengi walishuku, lakini mama mmoja mjane, ambaye watoto wake wawili wanasoma kwangu, alituma shilingi 30,000. Naliporudi Tanga alinijia nyumbani, akasimama mlangoni akasema, "Pole na ajali, Maalim. Zile fedha zilikufikia?"

Hebu tuihesabu hasara, ndugu zangu. Simu yenyewe ilikuwa ya bei ndogo, na mwenye kupotelewa ni mimi. Zile 420,000 zilikuwa mali ya watoto. Nalizilipa kwa muda wa miezi saba, kwa mbuzi wawili na kwa nazi za shamba letu. Zile 30,000 nalimrudishia mama yule siku ile ile, ingawa alikataa mpaka nalipomwapia. Amma kofi la kijana wa soksi sijui nitalilipa kwa nani, kwani simjui jina wala mtaa. Mimi nifundishaye watoto kila siku maana ya amana, nalizembea kitu kimoja kidogo, wakadhulumika watu wa aina tatu: walioniamini kwa mali yao, walioniamini kwa jina langu, na yule ambaye kosa lake lilikuwa kusimama karibu nami.

Tangu siku hiyo nalifahamu kwamba kuilinda simu safarini si ubakhili wala si hofu ya dunia. Simu ya leo imebeba haki za watu wengi, na mwenye kuipuuza huwapuuza wao. Wako wasemao, "Yote ni ya Mungu, kikiibwa kimeandikwa." Kweli, yote ni ya Mungu, lakini sote tumefundishwa tangu udogoni habari ya ngamia, kwamba afungwe kwanza, kisha ndipo mtu amtegemee Mwenyezi Mungu. Kamba haikuondoa tawakali.

Safari ya pili ilikuwa Shaabani ya mwaka 1446, Februari 2025, tena kwa shughuli ile ile ya vitabu. Walakini safari hii haikuanzia katika kituo cha mabasi. Ilianzia nyumbani, siku tatu kabla. Nalikusudia kwenda na mpwa wangu, kijana wa miaka 17, aliye kidato cha tatu. Aliichukua simu yangu, akaigeuzageuza, akacheka kwa adabu, akasema, "Mjomba, nyumba hii ina kila kitu ila mlango." Tukaketi barazani, akaanza kuutia mlango, nami nikajifunza kama mwanafunzi wa alifu na be.

Jambo la kwanza ni kufuli la simu yenyewe. Tuliiwekea namba ya siri ya tarakimu sita, isiyokuwa mwaka wangu wa kuzaliwa wala tarakimu zifuatanazo, tukaiamuru ijifunge yenyewe baada ya nusu dakika bila kuguswa. Tukazuia pia ujumbe usisomeke juu ya kioo hali simu imefungwa, maana mwizi aweza kusoma hapo namba za uthibitisho zinazoletwa na benki.

La pili ni kufuli la laini. Wengi hawalijui hili. Mwizi akishindwa kuifungua simu, huichomoa laini na kuitia katika simu nyingine, na mara moja hupokea simu na ujumbe kana kwamba ndiye wewe. Laini ikiwa na namba yake ya siri, kila itiwapo katika simu nyingine huidai namba hiyo. Na mtu akikosea mara tatu hufungwa, wala haifunguki ila kwa namba ndefu zaidi ambayo kampuni humpa mwenyewe. Mwenye kufanya hivi na aihifadhi namba hiyo ndefu nyumbani, asije akajifungia nje mwenyewe.

La tatu ni fedha. Namba ya siri ya fedha mahali pake ni kichwani tu, si kwenye karatasi wala ndani ya simu kwa jina la "namba ya siri". Tena nalikataa kuzibeba fedha zote za madrasa. Tulipatana na mhazini kwamba nikisha kukubaliana bei na mwenye duka, nitampigia, naye atamlipa mwenye duka kutoka Tanga. Hivyo fedha zilisafiri baada yangu, tena kwa usalama kuliko mimi.

La nne, alinionyesha kwamba kila simu ina namba yake ya kuzaliwa nayo, yenye tarakimu 15, na kwamba ukibonyeza *#06# hutokea kiooni. Simu yenye laini mbili hutoa namba mbili. Tukaziandika katika daftari, pamoja na namba za jamaa zetu watano, tukaliacha daftari kwa mke wangu. Mambo ya tarakimu hizo si ya kupuuzwa. Kwa njia ya namba hizo Tanzania iliweza kuzizima simu bandia mwezi wa Juni 2016, na kwa namba hizo hizo simu iliyoibwa huweza kuripotiwa na kufungiwa.

La tano ni nakala. Katika simu ile ya kwanza nalikuwa na sauti ya marehemu mama yangu, akinisalimu na kuniuliza kama nimekula. Ilikuwa dakika moja tu. Fedha nalizilipa, lakini sauti ile haikupatikana tena. Safari hii tulizihifadhi picha na sauti zote mahali pengine, na pia tukawasha huduma ya kuitafuta simu, ambayo humwezesha mwenye nayo kutumia simu ya mtu mwingine kuifunga ya kwake au kuifuta yote iliyomo. Mpwa wangu alinambia pia kwamba tangu mwaka 2024 ziko simu zinazoweza kuhisi kuwa zimenyakuliwa mkononi ghafla, zikajifunga zenyewe. Yangu si ya daraja hiyo, lakini aliye nayo na aulize jinsi ya kuiwasha.

La sita lilikuwa la mke wangu. Yeye aliitazama kanzu yangu akasema, "Mifuko ya ubavuni ni milango wazi." Kweli, mfuko wa kanzu huning'inia mbali na mwili, na mtu akivutwa huku hahisi kule. Akanishonea mfuko wa ndani, upande wa kifua, wenye kifungo. Nikivaa koti juu yake, hapana mkono ufikao pale bila ya mimi kujua. Kwa akina mama na mabinti, yapasa mkoba uwe mbele, zipu ielekee mwilini, na ukiweza kuvaliwa chini ya baibui au mtandio ni bora zaidi. Mkoba uningʼiniao mgongoni si wako. Ni wa yule aliye nyuma yako.

Basi siku ya safari tukatoka Kange alfajiri. Njia ya Tanga kwenda Dar es Salaam ni nzuri kwa macho. Hupita Muheza, kwenye mafungu ya machungwa kando ya barabara, kisha Segera, panapogawanyika njia ya Moshi na ya Dar es Salaam, kisha Mkata, mto Wami, Chalinze na Kibaha. Ni safari ya kilomita zipatazo 350, na hatari zake si nyingi, lakini zipo.

Nalipotazama ndani ya basi naliona abiria wengi wamelala, simu zao zikining'inia kwenye waya wa chaji ubavuni mwa kiti. Mtu ashukaye njiani aweza kuichukua moja na kwenda zake, na mwenyewe akaamka mwendo wa saa nzima baadaye. Wengine walikuwa wamekaa dirishani, kioo kimefunguliwa, simu mkononi, na basi limesimama katikati ya wachuuzi. Wachuuzi wale ni watu wa halali watafutao riziki. Lakini mkono mmoja mbaya ukijificha kati ya mikono hamsini myema, ni nani atakayeutambua? Basi kioo na kifungwe kwanza, au simu iwekwe. Nasi tulilala kwa zamu, mmoja macho, mmoja usingizini, na begi lenye vitu vyetu likakaa miguuni wala si juu.

Kituo kikuu cha mabasi kiko Mbezi, nacho chaitwa kwa jina la Rais Magufuli, aliyekizindua mwezi wa Februari 2021, majuma machache kabla ya kufariki kwake. Kilichukua mahali pa kile cha Ubungo tulichokizoea. Ni jengo kubwa la kupendeza, na mgeni aliingiapo hukosa kujua aelekee wapi. Wachukuzi humvuta mzigo, madereva wa bodaboda humwita mjomba, baba, mzee. Wengi wao hawana nia mbaya. Walakini huo ndio wakati ambao mgeni hutoa simu kumpigia mwenyeji wake, macho yako juu, mkoba uko chini, na akili haipo popote. Sisi tulimpigia ndugu yetu tulipokuwa bado Kibaha, ndani ya basi, tukamaliza maneno yote. Tuliposhuka, simu haikutoka mfukoni.

Tukafika Kimara, tukaenda kupanda mabasi yaendayo haraka, ambayo tangu mwaka 2016 yana njia yake peke yake mpaka katikati ya mji. Basi la kwanza likaja limejaa, na watu wakajipanga kulivamia kama nilivyolivamia lile la mwaka 2022. Moyo wangu ukapiga. Nikataka kuingia, kwa mazoea ya haraka. Mpwa wangu akanishika mkono, akasema, "Mjomba, tuliache hili liende."

Tukaliacha likaenda. Tukaliacha na la pili. La tatu lilikuwa na nafasi. Tulipoteza dakika zisizofika 20, na naamini kwamba katika mafunzo yote ya safari hii, hilo ndilo lililokuwa kubwa kuliko yote. Mchopozi hana nguvu wala hana uchawi. Ana msongamano na haraka yako tu. Husubiri mlangoni, kwa kuwa hapo kila mtu hutarajia kusukumwa, na mwenye kutarajia kusukumwa hahisi kuguswa. Mmoja husita mbele, mwingine husukuma nyuma, wa tatu hutoa, na wa nne hupokea akashuka. Hata ukimshika aliyekuibia, humkuti na kitu. Ndiyo maana yule mwenye fulana nyekundu alikuwa amesimama tu pale: wezi hawasimami.

Kariakoo ni mahali penye historia. Jina lake lilitokana na matamshi ya watu ya jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza, waliokuwa na kambi hapo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya mwaka 1914 mpaka 1918. Jengo kubwa la soko, lenye paa kama miavuli, lilichorwa na Mtanzania, Beda Amuli, likafunguliwa mwaka 1975, na likaungua moto usiku wa tarehe 10 Julai 2021. Pamoja na moto huo, mitaa iliyolizunguka haikupunguza biashara. Shaabani inapokaribia kwisha, Mtaa wa Kongo hujaa watu mpaka ardhi haionekani: tende, tambi, mapazia, mazulia ya kuswalia, viatu vya watoto, na sauti za wauzaji zikishindana. Ni furaha kuutembelea, na sitaki mtu asome makala hii akaogopa kwenda.

Huko tulifuata desturi nne. Ya kwanza, hatukutembea tukizungumza kwa simu. Ziko pikipiki za watu wabaya, wawili juu yake, ambazo hupita ukingoni mwa barabara na aliyekaa nyuma hunyakua simu ya mtu sikioni. Tulipohitaji kupiga, tuliingia dukani, tukageukia ukuta, tukapiga. Ya pili, hatukuhesabu fedha wala kuonyesha salio mbele za watu. Ya tatu, tulipomwona mtu amemwaga sarafu mbele yetu, au wawili wameanza ugomvi wa ghafla, tulishika kwanza mifuko ndipo tukatazama. Ya nne, hatukununua simu ya mkononi mwa mtu barabarani. Mwanamume mmoja alitujia na simu nzuri sana, akataka shilingi 50,000. Mpwa wangu macho yakamng'aa. Nikamwambia, "Mwanangu, bei hii ni bei ya chozi la mtu." Sheria humhesabu mpokeaji wa mali ya wizi kuwa mkosaji. Na hata pasipo sheria, maadamu wako wanunuzi, watakuwapo wezi.

Jambo jingine lilitukuta, nalo lilinitia katika mtihani. Kijana mmoja alinijia akasema, "Shikamoo mzee, naomba niazime simu yako nimpigie mama yangu, yu mgonjwa." Nikatafakari. Nikimkatalia nikiwa na uwezo, nimekosa wema; nikimpa akakimbia, nimerudia ujinga. Nikamwambia, "Marahaba, mwanangu. Nitajie namba, nitapiga mimi, usikie kwa sauti ya nje." Akanitajia, nikapiga, mama akapokea, wakasalimiana, akanishukuru akaenda zake. Kumbe alikuwa mkweli! Nalifurahi kwamba hadhari yangu haikumdhulumu. Hadhari njema haimgeuzi kila mtu kuwa mwizi. Humwachia mwema wema wake.

Adhuhuri ilipoingia tukaenda msikitini. Na hapa, ndugu zangu, naomba nisieleweke vibaya. Msikiti ni mahali pa amani, lakini mlango wake hufunguliwa kwa wote, na mwizi naye huujua. Watu huweka simu juu ya ukuta mdogo wa kutilia udhu, wakanawa uso kwa macho yaliyofumbwa. Wengine huitia ndani ya kiatu, au huiweka mbele yao kwenye zulia, kisha wakaisahau. Na mfuko wa ubavuni humwaga simu mtu anaposujudu. Sisi tulitia udhu mmoja baada ya mwingine, mmoja akiwa mshika vitu, na wakati wa Swala simu ilikuwa imezimwa sauti, ndani ya mfuko wenye kifungo.

Vitabu tulivipata vyote, mhazini akalipa, na risiti tukaichukua. Alasiri nikamwambia mpwa wangu twende pale kituoni nilipoibiwa. Nalitazama vijana wauzao soksi mmoja mmoja. Ni wengi, na miaka mitatu hubadilisha uso wa kijana. Nikamwuliza mmoja, nikamweleza habari ya fulana nyekundu. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mzee, sisi tunaopigwa hivyo ni wengi. Huyo wako nitamjuaje?" Sikuwa na jibu. Nikanunua kwake jozi kumi za soksi, ambazo watoto wa madrasa wanazivaa sasa, na nikatoa sadaka kwa nia ya yule mwingine. Najua kwamba hilo silo alilonidai.

Kwa hiyo nawausia: ukiibiwa, usimtaje mtu usiyemwona kwa macho yako akichukua. Piga kelele kuomba msaada, mwambie kondakta au askari, lakini usimnyoshee mtu kidole kwa dhana. Simu hununuliwa, roho ya mtu iliyotolewa na kundi la watu wenye hasira hainunuliwi. Wala usimkimbize mwizi vichochoroni, kwani hujui ana nini mkononi na nani wanamngoja.

Fanya haya badala yake, tena upesi, maana saa ya kwanza ndiyo yenye manufaa. Azima simu ya mtu unayemwamini, uipigie kampuni ya laini yako, waifunge laini na akaunti ya fedha. Iarifu benki yako. Waarifu jamaa watano wale ambao namba zao ziko daftarini, nao wawaarifu wengine, ili asitume mtu senti kwa jina lako. Kisha nenda polisi ukapate taarifa ya upotevu, ukiwataja tarakimu zile 15. Baada ya hapo nenda kairejeshe laini yako kwa alama ya kidole na namba ya kitambulisho cha Taifa. Na mtu akikupigia akisema kwamba yeye ni mtumishi wa kampuni, ameiona simu yako, umtajie namba ya siri ili akurudishie, huyo ndiye mwizi mwenyewe amerudi kwa mlango wa pili. Namba ya siri haiulizwi na mwenye haki. Ujumbe wa utapeli hupelekwa kwa namba 15040, nao wenye mamlaka hushughulika nao.

Enyi vijana, ninyi mnazijua simu kuliko sisi. Msitucheke tunapoandika namba kwenye vikaratasi. Ketini nasi barazani kama alivyoketi mpwa wangu, mtutilie milango. Nanyi wazazi, kabla ya kumpa mtoto nauli na kumwombea dua, mpeni na nusu saa ya mafunzo haya.

Tulirudi Tanga siku ya pili jioni, vitabu begani. Yule mama mjane alikuwa wa kwanza kuja kuwachukulia wanawe juzuu. Akanisalimu, akatabasamu, akasema, "Safari hii hukupata ajali, Maalim?" Nikamjibu, "Alhamdulillahi, sikupata." Akaingia ndani kuchagua vitabu, nami nikabaki barazani nikimfikiri kijana wa fulana nyekundu.

Mwenyezi Mungu atulinde na watu waovu, na awalinde watu wema na uzembe wetu. Amin.